Karatasi ya Bure, Bei ya Kiwanja

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie wakwe, na makala ilishakaa tayari kwenye kompyuta. Lakini ikaingia barua pepe kutoka kwa dada yetu mmoja anayeishi Oakland, kule California, nikaona wakwe wasubiri kidogo. Wao wapo siku zote.

Dada huyu ana miaka minane kwenye ndoa. Yeye na mumewe wote ni watoto wa Dar, wanabeba boksi huko ughaibuni, na wanalipia kiwanja Kigamboni kwa awamu. Siku moja anapanga kabati, akakuta bomba refu la karatasi ngumu limeegeshwa nyuma ya makoti. Kulifungua, ndani mna bango la muziki la miaka ya sitini: mwanamke ambaye nywele zake zinatiririka kama moshi, maandishi yamejikunja hata hayasomeki, rangi zinaumiza macho. Chini kwenye kona, kwa penseli, imeandikwa 45/200 na sahihi ya mchoraji. Kuna na cheti. Kuna na risiti, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana risiti inasoma dola 1,450.

“Awamu mbili za kiwanja, dada mhariri, kanunua karatasi!” anaandika. Mume kajitetea kwamba hilo ni toleo la nakala chache, ni uwekezaji, mabango ya aina hiyo yanauzwa mnadani kwa bei ya gari. Dada anataka kujua: ni kweli, au mume wake kaingizwa mjini? Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, anauliza jambo la pili. Mtu anayeficha karatasi nyuma ya makoti, anaficha na nini kingine?

Nitajibu yote mawili. Ila twende kwanza kwenye mzigo wenyewe, maana nimeona watu wengi wanagombana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekijua.

Mwaka 1966 huko San Francisco, ng’ambo tu ya ghuba ukitokea Oakland, kulikuwa na kumbi mbili zilizokuwa zinagombea vijana walewale. Moja ni Fillmore Auditorium, ya promota Bill Graham, mtu wa hesabu kwelikweli. Nyingine ni Avalon Ballroom, iliyokuwa inaendeshwa na kundi la Family Dog chini ya Chet Helms, bwana wa ndevu na nywele ndefu ambaye hesabu hazikuwa ugonjwa wake. Kila wiki wanapandisha jukwaani bendi kama Grateful Dead, Jefferson Airplane na Big Brother and the Holding Company, ile ya Janis Joplin. Na kila wiki lazima litoke bango jipya la kutangaza shoo.

Kazi hiyo waliipata wachoraji vijana. Watano kati yao baadaye wakawa ndio wanaotajwa pamoja kila mara: Wes Wilson, Victor Moscoso, Rick Griffin, Stanley Mouse na Alton Kelley. Ndio enzi za mahipi. Dawa ya LSD ilikuwa halali California mpaka Oktoba 1966, na wengi katika kundi hilo walikuwa wanaitumia. Michoro yao ilikuwa inaigiza yale anayoyaona mtu aliyekolea dawa hiyo, na sanaa hiyo ndiyo inayoitwa saikedeliki. Simsifii mtu kwa dawa hapa, naeleza tu mzigo ulikotoka.

Wilson alichukua mtindo wa herufi za Alfred Roller, msanii wa Vienna wa mwanzoni mwa karne ya 20, akazivimbisha mpaka zikajaa kila upenyo, utadhani zinayeyuka. Graham akalalamika kwamba hazisomeki. Wilson akamjibu kwamba ndiyo maana watu watasimama waziangalie. Jibu hilo mimi nalipenda mno! Sisi tumezoea kanga, ambapo jina lazima lisomeke tangu ng’ambo ya barabara, la sivyo huyo jirani unayempelekea ujumbe ataelewaje? Hawa walifanya kinyume. Kama hujatulia ukasoma, basi shoo si yako.

Moscoso yeye alikuwa msomi. Kazaliwa Hispania, kasoma Chuo Kikuu cha Yale kwa Josef Albers, mmoja wa walimu wakubwa wa rangi duniani. Alijua kwamba ukiweka nyekundu iliyokolea bega kwa bega na bluu au kijani iliyokolea kiasi kilekile, jicho linashindwa kutulia na mstari unaanza kucheza. Shuleni walimfundisha aepuke hilo. Yeye akaligeuza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa sikiliza sehemu inayomhusu dada wa Oakland. Mabango haya yalikuwa ya bure. Yalibandikwa kwenye nguzo na madirisha ya maduka, na pale Fillmore ukitoka usiku unapewa la kwenda nalo nyumbani. Mlangoni kulikuwa na pipa la tufaha, unachukua moja au mawili, hakuna anayekuuliza. Graham mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyokuwa anazunguka na skuta akibandika, akigeuka nyuma anakuta watu wanayabandua wakaondoke nayo. Hapo akajua ana dhahabu mkononi.

Waliokwenda nayo wakayafanyaje? Wakayapigilia pini ukutani, wakayabandika kwa gundi, wakayahamisha chumba hadi chumba yakachanika na kuingia unyevu. Yaliyobaki masafi ni machache. Hakuna aliyekaa chini akaamua yawe machache. Yamekuwa machache kwa sababu watu waliyatumia, kama vile leo ukitafuta kanga ya bibi yako iliyo mpya hutaipata, maana bibi aliivaa.

Ndiyo maana bei zimepanda hivyo. Kuna bango moja la Septemba 1966, la Grateful Dead pale Avalon, kiunzi cha mifupa kimevaa taji la mawaridi. Wakusanyaji wanalijua kwa namba yake, FD-26. Mouse na Kelley hawakulibuni wakatoka jasho. Mchoro waliukuta kwenye maktaba ya umma ya San Francisco, kazi ya Mwingereza Edmund Sullivan ya mwaka 1913 aliyoichorea mashairi ya Omar Khayyam. Wakautia rangi na maandishi, likawa bango, na baadaye likawa nembo ya bendi nzima. Nakala safi ya chapa ya kwanza iliuzwa mnadani Dallas mwaka 2019 kwa zaidi ya dola 100,000. Piga hesabu mwenyewe ni viwanja vingapi.

Kwa hiyo mume hajasema uongo, bei hizo zipo. Lakini katika maneno yake kuna neno moja kalimeza, nalo ni “chapa ya kwanza”.

Mabango haya yalipopendwa, wenye kumbi wakarudi kwa wachapaji. Kufikia 1967 yalikuwa yanauzwa madukani Marekani nzima, kwa dola moja hivi. Mwezi wa saba mwaka huo wale watano wakafanya maonyesho yao kwenye jumba la sanaa la Moore, San Francisco, na mwezi wa tisa jarida la Life likaliweka wimbi la mabango kwenye jalada lake. Bango moja linaweza kuwa na chapa ya kwanza iliyotoka kabla ya shoo, ya pili iliyotoka miezi kadhaa baadaye, na ya tatu. Picha ni ileile. Pesa si ileile hata kidogo! Wakusanyaji wanaitafuta iliyochapwa kabla ya bendi kupanda jukwaani, kwa sababu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ya kutangaza. Zilizofuata zilichapwa ili ziuzwe tu.

Kuzitofautisha ni kazi ya kipolisi. Watu wanapima upande kwa upande kwa rula, wanagusa unene wa karatasi, wanasoma yale maandishi madogo ya pembeni kuhusu mchapaji na haki miliki. Bwana mmoja, Eric King, aliandika mwongozo mzima wa jinsi ya kutambua chapa moja na nyingine, na wakusanyaji wanaushika kama msahafu. Dada, wewe anza na kioo cha kukuzia. Mengi ya mabango ya kwanza yalichapwa kwa wino mzima, rangi moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukikuza unaona rangi imejaa. Nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha ya bango utaikuta imejaa vidoti vidogo kama vya picha za gazeti.

Turudi kwa bango la nyuma ya makoti. Hilo 45/200 linajieleza lenyewe. Mabango ya 1966 ya Fillmore na Avalon hayakuandikwa namba za nakala kwa penseli, maana hakuna anayehesabu kitu anachokigawa bure. Namba hiyo maana yake bango limechapwa upya miaka ya karibuni kama toleo la nakala 200, mchoraji akatia sahihi moja moja. Si feki. Ni kitu halali kabisa, ila ni kitu kingine.

Na hapa kuna mambo wauzaji hawayasemi kwa sauti. La kwanza ni kwamba uchache huu umepangwa. Mtu kaamua 200 siku hiyo, angeweza kuamua 500, na kesho anaweza kutoa toleo jingine la picha hiyohiyo kwa ukubwa tofauti, au kwenye karatasi ya kung’aa, au kwa rangi zilizogeuzwa, kila moja na namba zake. Unajikuta una moja kati ya 200, huku picha yenyewe imesambaa nakala 900. Kuna na nakala za pembeni zinazobaki kwa mchoraji na kwa mchapaji, ambazo hazimo kwenye zile 200. Mwingine atakwambia namba ndogo ina thamani zaidi. Hilo lilikuwa na mantiki enzi za michoro ya bamba la shaba, kwa sababu bamba linachakaa na nakala za mwisho zinafifia. Kwa mashine za leo nakala ya 3 na ya 193 ni mapacha. Namba 1 inapendwa kwa mbwembwe tu.

Tena karibu kila mwenye nakala za aina hii anazitunza vizuri tangu siku ya kwanza, kwenye bomba, mbali na jua. Miaka 50 ijayo zitakuwepo karibu zote 200, masafi kabisa. Kile kilichofanya ya 1966 yawe adimu hakitatokea kwa haya.

Kwa hiyo ni uwekezaji? Hapana, dada yangu. Inaweza kupanda, inaweza kukaa palepale, na ukiuza kwa haraka muuzaji atakupa nusu, wakati mwingine chini ya hapo. Kiwanja cha Kigamboni kitakuzidi mbali, ilimradi hati yake ni safi (na hilo nalo ni makala ya siku nyingine).

Lakini katapeliwa? Hapo pia nasema hapana, na nataka nimtetee shemeji kidogo.

Wale wachoraji wa miaka ya sitini walilipwa kiduchu. Mwezi wa tano mwaka 1967 Wes Wilson aligombana na Bill Graham kuhusu malipo yake, na katika bango lake la mwisho kabla ya kuondoka alichora nyoka mwenye alama ya dola mdomoni. Kila mtu akaelewa nyoka ni nani. Moscoso alikuwa mjanja zaidi; alianzisha mfululizo wake mwenyewe, Neon Rose, akichora kwa ajili ya klabu ya Matrix huku haki zikibaki mkononi mwake. Msanii aliyezeeka anapokaa mezani na kutia sahihi nakala 200, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mchoro ule unamlipa vizuri. Mimi hilo silioni kama wizi. Ila ni halali mnunuzi aulize: katika hela hii, mchoraji au familia yake wanapata chochote? Kama bango limetolewa na kampuni ambayo haikuwahi kuongea naye, basi sahihi hiyo imetoka wapi? Cheti peke yake si ushahidi. Cheti kinachapwa kwenye mashine ileile.

Kuna na jambo limenikera kwenye historia hii. Wilson alipoondoka, aliyeshika kalamu ni Bonnie MacLean, mke wa Bill Graham. Walioana mwezi wa sita 1967. Kabla ya hapo alikuwa anaandika kwa chaki ubao wa shoo zijazo pale ukumbini, kwa ustadi wa ajabu. Akachora mabango kama 30 hivi, yenye nyuso zilizotulia kama watakatifu kwenye vioo vya kanisa. Lile la mwezi wa saba 1967, lenye majina ya Yardbirds na Doors, kwa macho yangu linazishinda kazi nyingi za wale wanaume. Lakini orodha ya wakubwa imebaki ya watano, na yeye kwa miaka mingi akitajwa ni kama “mke wa promota”. Walitalikiana 1975. Amefariki mwezi wa pili 2020, siku chache tu baada ya Wilson. Kama shemeji ana hamu ya kununua tena, amtafute huyu mama. Tena pamoja na mkewe.

Nilitaka kusahau: dada anasema kwenye kikapu cha kompyuta mume keshaweka na kitu kingine, karatasi yenye picha iliyokatwa kwa vitundu vidogo vidogo kama stempu. Anauliza kama ni haramu. Hizo ni za aina ya karatasi ambazo wauza LSD walikuwa wanazichovya dawa. Kila kipande ni dozi, na picha ni kama nembo ya muuzaji. Mtu mmoja wa San Francisco, Mark McCloud, alianza kuzikusanya na kuziweka kwenye fremu mpaka nyumba ikajaa maelfu. Serikali ya Marekani ilimfikisha mahakamani, na mwaka 2001 baraza la wazee wa mahakama huko Kansas City likamwachia huru. Siku hizi kuna soko zima la karatasi kama hizo zisizochovywa kitu, zenye namba na sahihi. Hata Albert Hofmann, mwanakemia wa Uswisi aliyeitengeneza LSD, kuna alizotia sahihi kabla hajafariki 2008.

Karatasi safi ni karatasi tu. Lakini jamani! Mtu unayepanga kurudi nyumbani na mabegi, unataka kusimama mbele ya afisa wa uwanja wa ndege Dar ukimweleza kwamba hii inafanana na ile lakini siyo ile? Mimi nisingethubutu. Aitoe kwenye kikapu.

Sasa lile swali la sauti ya chini. Dada, nimesoma barua yako mara tatu, na sijaona popote dalili ya nyumba ndogo. Naona mwanaume anayebeba boksi usiku na mchana, anayepita kila siku jirani na mji ambao kuta zake zilijaa rangi, akapenda kitu, akajua ukikiona utapiga kelele. Hilo halimpi haki ya kuchota hela ya kiwanja. Hela ile ni ya wawili, na alitakiwa akuulize kabla, si kukuonyesha cheti baada ya kubambwa. Mwambie hivyo, waziwazi, bila kumtaja mama yake wala kuhesabu makosa ya 2019. Kisha kaeni mpange kiasi ambacho kila mmoja anaweza kukitumia bila kuomba ruhusa, iwe dola 50 au 100 kwa mwezi, yeye kwa mabango, wewe kwa chochote kile unachokificha nyuma ya makoti yako. Usinitazame hivyo, wote tunacho. Kinachozidi hapo ni cha kikao. Na zile awamu mbili azirudishe kutoka kwenye fungu lake, hata ikichukua mwaka na zaidi.

Usimlazimishe auze. Kuuza leo ni kupoteza nusu ya hela na kupata kinyongo kizima. Litoeni kwenye bomba, mlitundike sebuleni, na akueleze herufi moja moja zinasema nini. Nina hakika hukuwahi kulisoma mpaka mwisho.

Na siku mkirudi nalo Dar, tafadhali msilipeleke kwa yule kijana wa steshenari akalilaminishi kama cheti cha kidato cha nne. Plastiki ile haitoki tena, na thamani inaondoka nayo. Joto na unyevu wa pwani ni adui tosha. Nyuma liwekewe karatasi isiyo na asidi, mbele kioo kinachozuia miale ya jua, na bango lisigusane na kioo. Lisitazamane na dirisha, wala lisikae ukuta wa bafuni. Fremu nzuri ya namna hiyo si rahisi, inakula dola za kutosha. Ailipie yeye.